Maua Kando ya Ufa

Kila asubuhi Jelagat alipita nyuma ya nyumba za mtaa wa Rhonda akienda shuleni, na kila asubuhi aliuzunguka ule ufa. Ardhi ilipasuka baada ya mvua za masika, ikaacha mwanya mweusi usio na mwisho. Ukitupa jiwe, husikii likitua. Hata mbwa wa mtaa hawakupasogelea.

Kipkorir, fundi aliyetumwa kuupima ufa, alikuwa amesimika kibao cha manjano chenye pembetatu nyeusi na picha ya mtu anayeanguka. Jelagat, aliyesifiwa shule nzima kwa uchoraji, alikiona kibaya. Jumamosi alikipaka kijani, akachora waridi, kisha akaandika kwa herufi za madoido: “Ndugu mpita njia, tafadhali jihadhari, ardhi hapa si salama.”

Jumatatu ukungu ulishuka kutoka mlima wa Menengai hadi Jelagat, akienda shuleni, hakuona viatu vyake. Mtaa ulikuwa kimya. Ndipo akasikia sauti ikitoka ardhini.

“Nani huko juu? Nishike mkono.”

Alitaka kukimbia. Sauti ikaita tena, hafifu zaidi, naye akaitambua: ni mama Achola, jirani yao muuza mandazi. Jelagat alilala kifudifudi, akatambaa. Mama Achola alikuwa amezama hadi kwapani, na udongo ulimomonyoka chini yake bila kishindo. Jelagat alimshika mkono, akapiga mayowe hadi majirani wakaja na kamba.

“Niliona maua,” mama Achola alisema alipokwisha kuvutwa nje. “Nikadhani ni tangazo la wauza miche, nikapita.”

Hakuna aliyemshuku Jelagat. Angeweza kunyamaza.

“Ni mimi niliyekipaka kibao rangi, mama,” alisema. “Nisamehe.”

Kipkorir alipofika, alisimika kibao kipya, akamwambia Jelagat arudi nyuma hatua thelathini. Ukungu, ingawa ulikuwa umepungua kidogo, bado ulimeza watu na nyumba, lakini manjano yalionekana.

“Mpita njia ana haraka na mzigo, hana nafasi ya kusoma,” Kipkorir alimweleza. “Lakini pembetatu hii ameiona barabarani na kwenye nguzo za nyaya za stima. Miguu husimama kabla hajafikiri. Ndiyo maana alama ya hatari hufanana kila mahali. Uzuri wake ni kueleweka upesi.”

“Na kosa likikiriwa mapema,” mama Achola akaongeza, “halimfikii mtu wa pili. Maua yako ni mazuri, mwanangu. Njoo uyachore kwenye kibanda changu.”