Ziwa Alilolisema Kisilu

Mwanamume gani huyu anachubuka pua kama kiazi cha kuchemshwa? Awiti, ndani ya gauni lake la maua na kitambaa chekundu kichwani, alishindwa kujizuia. Pale pale stesheni ya Thika, mwaka wa hamsini na nane, akamuuliza bila hata salamu.

"Ni jua na barafu," jamaa akacheka ndani ya kabuti lake la jeshi. Aliitwa Kisilu, Mkamba, mpagazi wa Wazungu wanaopanda Mlima Kenya. "Huko juu kuna ziwa, maji yake yanatoka kwa barafu. Asubuhi ukitupa jiwe, halizami."

"Wacha uongo! Mimi nimezaliwa ziwani."

Basi ikawa hivyo. Kila akirudi na treni ya Nanyuki, Kisilu alimngojea nje ya kiwanda cha mananasi alikofanya kazi Awiti, wakatembea hadi mto Chania wakibishana.

"Samaki wamo?"

"Hakuna."

"Na kiboko?"

"Kiboko afuate nini kwa baridi hiyo, mpenzi?"

Awiti alicheka mpaka machozi, na moyo ukaenda zake.

Lakini kaka yake, Dismas, akamwonya kwamba wapagazi huwa wana wake kwao. Awiti akamuuliza Kisilu waziwazi.

"Sina mke. Haki ya Mungu."

"Basi nipeleke kwa hiyo ziwa. Ikiwa ya kweli, nitaamini na hilo."

Mama mmoja wa Kizungu alitaka mwanamke wa kumpikia safarini. Awiti akaomba ruhusa kazini, akapanda mlima pamoja na Kisilu. Kichwa kilimgonga, pumzi zikamkata, hakulalamika.

Alfajiri akasimama mbele ya ziwa. Yawa! Dogo, la kijani, halina hata chura. Akachovya kidole palipovunjwa barafu kuteka maji, akaruka. Akaonja, meno yakamuuma. Akaokota jiwe, akalirusha kwa nguvu zake zote. Likagonga, likateleza, likakaa juu.

"Halikuzama!" Akamrukia Kisilu shingoni. "Nisamehe, nilikuita mwongo. Tukirudi namwambia Dismas ulete ng'ombe wa mahari."

Kisilu akaitoa mikono ya Awiti polepole. "Awiti, ziwa ni kweli. Lakini mke niko naye, Kangundo. Siwezi kukuangalia ukishuka mlima ukiniamini."

"Sasa ulinificha kwa nini?"

"Niliogopa utanikataa."

"Kisilu, mamangu ni mke wa tatu. Ungesema siku ile, ningekuuliza jina lake tu."

"Anaitwa Mwongeli. Niulize chochote, mpenzi, nitakujibu kweli."

Awiti akafuta machozi kwa kitambaa chake. "Sina tena la kukuuliza," akasema, akaenda kumchemshia yule mama wa Kizungu chai.