Mafuta ya Sanduku la Bibi Moza

Ngozi ya Sabaha ilipona kwa siku mbili, na hapo ndipo mama yake alipotakiwa kuogopa. Badala yake alifurahi.

Kila kipupwe kikiingia, mtoto huyu wa miaka saba alipauka viwiko na miguu, kisha akapasuka hadi kutoa damu. Mafuta ya dukani yalimwasha tu. Kwa hiyo mama yake, Mwanne, muuza mitumba wa Mchikichini, aliyatengeneza mwenyewe nyumbani kwao Ilala. Aliyeyusha nta ya nyuki kwenye mafuta ya nazi, na ili yanukie akamimina mafuta ya udi aliyoyakuta ndani ya sanduku la mkwewe, marehemu Bibi Moza. Kichupa kilikuwa kimeviringishwa kitambaa chekundu na kufungwa mafundo saba. Mtu mwingine angejiuliza. Mwanne alitafuta mkasi.

Siku ya tatu chumba kizima kilinukia udi, ingawa kopo la mafuta aliyokuwa akimpaka mtoto kila siku lilikuwa limefungwa kabatini. Siku ya tano Sabaha akaacha kuamkia. Baba yake, Khalfani, alirudi kutoka dukani Kariakoo, mtoto akamtazama tu, akingoja. Khalfani akacheka, akasema watoto wa siku hizi wana kiburi. Mwanne hakucheka, kwani mtoto alikuwa amekaa vilevile alivyokuwa akikaa Bibi Moza kila Alhamisi, amekunja magoti upande mmoja na kuinamisha sikio, kama anayenong'onezwa na mtu.

Siku ya saba Mwanne hakumpaka; alilificha kopo chini ya marobota ya nguo. Ilipofika adhuhuri ngozi ya mtoto ilikuwa inapasuka, si viwikoni tu bali mgongoni, usoni, hadi kwenye kope, mistari myembamba ikifunguka mmoja baada ya mwingine mbele ya macho yake, huku Sabaha akitabasamu bila kulia, na ile harufu ya udi ikitoka ndani ya mipasuko yenyewe, nzito na ya moto, mpaka Mwanne akajikuta anafukua marobota, anafungua kopo, anampaka, na kila alipopaka palijifunga.

Alasiri hiyo alimwita Mzee Kitwana, mganga aliyekuwa akimtibu Bibi Moza. Mzee aliishia mlangoni. Alivuta hewa puani, akauliza mtoto amepakwa nini. Alipooneshwa kichupa akakaa kwenye ngazi bila kukaribishwa.

Alieleza polepole. Bibi Moza alikuwa na jini tangu usichana wake, na mafuta yale ndiyo ya kumrithishia mtu mwingine. Mrithi hupakwa siku saba mfululizo, na anayempaka ni mzazi wake mwenyewe. Bibi alikataa kumtwisha mtu mzigo ule, ndiyo maana alifunga mafundo.

"Mtoe, mzee wangu," Mwanne alinong'ona. "Sina mtoto mwingine."

"Anayeingia kwa nguvu namtoa. Huyu umemkabidhi mtoto wewe mwenyewe. Umepaka siku ngapi?"

"Leo ya saba. Leo niliacha, mzee, nikaona anapasuka…"

"Alijua utaogopa," alisema Mzee Kitwana. "Ungevumilia hadi magharibi angeondoka."

Mlango wa chumbani ukafunguka, Sabaha akatoka, ngozi yake laini ikimeremeta. Mzee Kitwana, mwenye miaka themanini, aliinuka kwa kushika ukuta na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo," alimwambia mtoto.

"Marahaba," Sabaha alijibu kwa sauti yake ileile ya siku zote.

Mganga alichukua mkoba wake akaondoka bila kugeuka. Sabaha akamnyooshea mama yake mkono, akangoja. Kwenye kiwiko mistari myeupe ilikuwa imeshaanza kuchora njia. Mwanne alilifungua kopo alilokuwa akichota kwa siku saba, akalikuta limejaa hadi ukingoni. Alichota kwa kidole, akapiga magoti mbele ya mwanawe.

"Shikamoo," akasema.