Jiko la Pointi Elfu Sitini

Kila Jumapili baada ya ibada tunakunywa kahawa katika chumba cha chini cha kanisa letu, hapa Cloquet, Minnesota. Mimi huleta tambi zilizookwa na nyama ya kusaga. Wifi yangu Rosalie huleta picha za safari.

Januari ile alileta picha za Hawaii. Nje theluji ilifika magotini. Mume wangu Verlyn alikuwa ametoka kuikwangua barabarani kwa gari la wilaya, na vidole vyake bado vilikuwa vyekundu. Rosalie alivaa blauzi ya maua, na pua yake ilikuwa imebabuka kwa jua. Akina mama walimzunguka. Mmoja akauliza tiketi ziligharimu kiasi gani.

"Dola ishirini na mbili na ushee, mimi na Orrin," alisema. "Nyingine zote tulilipa kwa pointi za kadi ya benki."

Orrin ni kaka yangu. Ni mtu wa kuzunguka maduka matatu kabla ya kununua soksi. Leo anaenda Hawaii kwa dola ishirini na mbili! Nilirudi kwenye meza ya kahawa, nikajifanya napanga vikombe. Nilimwonea wivu.

Nitasema ukweli, wivu huo haukuanza Hawaii. Rosalie ni mtu wa New Jersey. Anaongea kwa sauti ya juu, na huchukua kipande cha mwisho cha keki. Kwetu hakuna mtu anayechukua kipande cha mwisho. Tunakikata nusu, halafu nusu ya nusu, mpaka kinabaki cha kushikwa na vidole viwili. Rosalie anakichukua kizima na kukila huku anacheka. Nimemtazama hivyo kwa miaka ishirini.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hata mimi nilikuwa na kadi. Nilinunulia chakula na petroli kwa mkopo, kila dola ikaniongezea pointi, na kila mwezi nililipa deni. Pointi zilipofika elfu sitini, benki ilinitumia kitabu cha zawadi. Nikachagua jiko la kuchomea nyama nje ya nyumba. Nilijisifu nalo majira yote ya joto. Verlyn huliwasha mwezi wa Julai. Miezi mingine liko chini ya theluji.

Mwezi wa Februari binti yetu Britta alipiga simu kutoka Anchorage, Alaska. Amejifungua mtoto wa kike, anaitwa Signe. Ubatizo utakuwa Jumapili ya tatu ya Mei.

"Mtakuja wote wawili, Mama?" aliuliza.

Nikasema ndiyo kabla sijauliza bei. Tiketi moja ilikuwa dola mia sita na arobaini. Majira yale ya baridi tulikuwa tumenunua tanuri jipya la kupasha nyumba joto, na akiba ilikuwa imekwisha. Nilikuwa na pointi nyingine elfu hamsini na mbili. Nikafungua tovuti ya benki. Ikaniambia pointi hizo ni sawa na dola mia tano na ishirini. Hazikutosha hata tiketi moja.

Verlyn alinitazama nikihesabu. Akasema tuongeze kidogo, niende mimi peke yangu, yeye ataona picha. Alisema hivyo huku amenipa mgongo. Britta alipohamia Alaska, mwanamume huyu alijifungia gereji saa nzima, akatoka macho yamevimba.

Mtu wa kuniokoa nilimjua. Sikutaka kumwomba.

Jumapili iliyofuata habari zilimfikia Rosalie. Alinijia na kikombe mkononi. "Wifi, nikusaidie na hizo pointi zako?"

"Hapana, usijisumbue," nilisema.

"Haya," alisema Rosalie, akaondoka na kipande cha mwisho cha keki.

Kwetu, hapana ya kwanza ni adabu tu. Ya pili ni adabu pia. Mtu akikuuliza mara ya tatu, ndipo unasema, sawa, kama haikusumbui. Kila mtu hapa anajua hivyo. Basi nikangoja aniulize tena. Nikangoja Jumapili tatu. Rosalie alinionyesha picha za samaki.

Nilirudi nyumbani nimefura. Nilimwambia Verlyn kwamba mke wa kaka yangu ana roho mbaya, anajua shida yetu na amekaa kimya.

"Si ulimwambia hapana?" alisema Verlyn.

"Hapana ya kwanza!"

"Marlys, yeye ni mtu wa New Jersey. Kwao hapana ni hapana." Akavua buti zake taratibu. "Halafu, hukasirikii msaada. Unakasirikia Hawaii."

Nilinuna mpaka kesho yake, kwa sababu alisema kweli.

Alhamisi nilitoka kazini, kwenye jiko la shule, nikaenda moja kwa moja kwa Rosalie na keki ya limau. Nilisimama mlangoni na theluji kwenye viatu. Nilimwambia nimekuja kuomba anisaidie.

"Mbona ulikataa?"

"Nilikuwa nangoja uniulize tena."

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akanivutia kiti.

Swali lake la kwanza halikuhusu ndege. Alitaka kujua kama deni la kadi nalilipa lote kila mwezi. Nikasema lote, hata senti haibaki.

"Vizuri. Ungekuwa unabakiza deni, ningekwambia sahau safari, lipa kwanza. Riba inakula pointi zote, halafu inakugeukia wewe. Na usinunue kitu usichokihitaji ili upate pointi. Sasa niambie, lile jiko lako dukani ni bei gani?"

"Dola mia tatu."

"Pointi elfu sitini kwa dola mia tatu. Kila pointi ilikupa nusu senti."

Masikio yaliniwaka moto. Nilikumbuka nilivyojisifu.

"Usijali, wifi," alisema. "Pointi zangu za kwanza nilichukua mashine ya kukaushia matunda. Iko gereji. Orrin anawekea misumari."

Kisha alinieleza polepole. Nikilipia tiketi kwenye tovuti ya benki, kila pointi ni senti moja. Hiyo ni afadhali kuliko jiko. Lakini benki yangu pia inaruhusu kuhamisha pointi kwenda shirika la ndege. Shirika lina bei yake ya pointi, na bei hiyo hubadilika siku hadi siku. Siku nyingine ni hasara, siku nyingine ni nafuu kubwa.

Nilichukua simu nihamishe zote palepale. Rosalie alinishika mkono.

"Bado. Ukishazihamisha hazirudi benki. Tafuta kiti kwanza. Ukikiona kipo, ndipo uhamishe."

Tukatafuta. Kuondoka Ijumaa, kwenda na kurudi, kila mtu pointi elfu arobaini na nane. Jumamosi, elfu arobaini na tano. Kwa watu wawili pointi zangu hazikutosha. Rosalie akauliza kama ni lazima tusafiri wikendi. Nikasema naweza kuomba ruhusa shuleni, na Mei hakuna theluji ya Verlyn kukwangua. Akajaribu kuondoka Jumatano na kurudi Jumanne.

Pointi elfu ishirini na tano kila mtu. Viti viwili vilikuwepo.

"Sasa piga hesabu mwenyewe," alisema. "Chukua bei ya tiketi, toa kodi, maana hiyo hailipwi kwa pointi, kilichobaki gawa kwa pointi."

Nilihesabu nyuma ya bahasha. Kodi ilikuwa dola kumi na moja na senti ishirini kwa kila mtu. Kila pointi ilinipa senti mbili na nusu. Mara tano ya jiko! Tukahamisha pointi elfu hamsini tu, dakika chache baadaye zikafika, tukachukua viti vyote viwili. Nililipa dola ishirini na mbili na senti arobaini.

Hapo nikashindwa kunyamaza. "Rosalie, nilikuonea wivu. Kwa Hawaii. Na kwa mengine."

Alishusha sauti. Si kawaida yake.

"Nimeshuka kwenye ndege nyingi, wifi," alisema. "Sijawahi kukuta mtu amekuja kunipokea."

Yeye na Orrin hawakupata watoto. Miaka ishirini nilihesabu safari zake, wala sikuwahi kufikiria hilo. Nikamkatia keki.

Mwezi wa Mei, Britta alikuwa amesimama uwanja wa ndege wa Anchorage na mtoto mikononi. Verlyn alimpokea Signe, na hakumwachia mtu kwa muda mrefu. Nikampiga picha babu analia, nikamtumia Rosalie. Jibu lilirudi haraka.

"Nakuonea wivu," aliandika.

Nilisoma mara mbili. Mungu anisamehe, mara ya kwanza nilifurahi.

Tuliporudi, kitabu cha zawadi cha benki kilikuwa kimekuja tena kwa posta. Julai Verlyn alikitumia kuwashia lile jiko. Pointi zetu sasa tunaziweka kwa ajili ya safari, na deni la kadi bado nalilipa lote.

Jumapili, kwenye kahawa, nilimwambia Rosalie kwamba Julai mwaka ujao tunarudi Anchorage. Nikasema twende wote, yeye na Orrin.

"Aa, hapana," alisema. "Hiyo safari ni ya wazazi na binti yao."

Kwenye sahani palikuwa na kipande kimoja cha keki. Rosalie alikikata nusu, akachukua nusu moja, nyingine akaiacha. Nilimwona.

Nikamwuliza tena. Akatikisa kichwa, anatazama kikombe chake.

Nikamwuliza mara ya tatu.

Rosalie akatoa simu mfukoni. "Ngoja kwanza tutafute viti," alisema.