Mwendo wa Saa Nne

Kila asubuhi kabla ya shule, Sidi alimsaidia nyanyake kupanga mahamri na mbaazi kwenye meza yao ya barazani, mtaani Ndia Kuu. Wanunuzi waliuliza lile lile: "Mamako hajambo huko Uarabuni?" Naye Sidi alijibu kama alivyofundishwa: "Hajambo, anawasalimu." Ya nyumbani hayavuki kizingiti, ndivyo alivyopenda kusema Nyanya Maisara.

Siku hiyo Mwalimu Mutunga alitundika ramani ubaoni. "Kutoka hapa Mombasa hadi Riyadh, ndege ikinyoosha moja kwa moja, ni kilomita elfu tatu na mia mbili na ushei. Ikienda kilomita mia nane kwa saa, itachukua muda gani?"

"Saa nne na ushei, mwalimu!" alidakia Khubaib. Kisha akamgeukia Sidi. "Saa nne tu! Na mamako mbona mwaka wa tatu huu hajafika? Anakuja akitambaa?"

Darasa likaangua kicheko.

"Atakuja Idi," Sidi alisema. "Tajiri wake anampenda, hataki kumwachilia..." Akalia.

Kengele ilipolia, mwalimu akamketisha. "Nambie kweli, mwanangu."

Sidi akatoboa. Kabla ya Ramadhani mamake alipiga simu akinong'ona. Tajiri wake amemnyang'anya pasipoti, amempiga, mkono umevunjika na hospitali hapelekwi. "Mwambie Nyanya atafute msaada," alisema. Sidi hakumwambia mtu. Aliogopa mtaa ungejua.

Mwalimu alimpeleka moja kwa moja kwa nyanyake. Bibi kizee akasikia, akakaa chini kando ya karai.

Kesho yake Nyanya na mwalimu wakaenda kwa wakala aliyempeleka mamake Sidi. Mlango una kufuli. Wakaenda ofisi hii ya serikali, wakaenda ile. "Njooni Jumatatu." Jumatatu ikazaa Jumatatu. Wakubwa wanaosifu pesa zinazoletwa na wafanyakazi wa ng'ambo, hata mmoja hakutoa kichwa dirishani. Hadi Nyanya Maisara alipokwenda kupiga kelele mlangoni mwao, na mtaa mzima nyuma yake, ndipo mama alipotafutwa na kurudishwa.

Alitoka uwanja wa ndege bila sanduku. Mkono wake wa kulia, ule wa kukandia unga, ulining'inia. Daktari akasema, "Ungetibiwa mapema ungepona. Sasa hautakunja ngumi tena."

"Ni mimi, Nyanya," Sidi alilia. "Nilinyamaza."

"Ulinyamaza kwa kuwa nilikufundisha. Nami nilifundishwa na mamangu. Pwani hii imeona watu wake wakichukuliwa tangu enzi za mababu, na sisi tukifunga madirisha. Riyadh si mbali, mjukuu wangu. Kimya chetu ndicho kilichomweka mbali. Ukiona dhuluma, sema, tena sema mapema. Aibu ni ya mdhalimu."

Asubuhi, jirani yao Mwende alikuja kununua mahamri. "Mamako hajambo sasa?"

"Hajambo wapi! Wamemvunja mkono," Sidi alijibu kwa sauti, barabara nzima ikasikia.

Mwende akaisukuma ndani ya mkoba pasipoti yake mpya iliyochomoza. "Wakala anayenipeleka mimi ni mwingine," akasema. "Huyu ni mtu wa dini."