Bi Syombua wa Wamunyu

Kufuli la kabati la Nzisa katika idara ya uhusiano wa kimataifa ya chuo kikuu lilikuwa limekatwa kwa msumeno, na ndani hamkuwa na kitu. Nakala tatu za tasnifu zilikuwa zimeibwa, na disketi pia.

"Saa nane naitetea mbele ya jopo," Nzisa alisema. Hakulia. Alikuwa na hasira mpaka midomo imemkauka. "Isipoonekana, shahada ya uzamili imeenda. Miaka mitatu, Madam! Nyanya aliuza ng'ombe wake ndio nianze masomo."

Inspekta Kavutha alitazama saa. Saa tatu na nusu. OCS wake, mkuu wa kituo, alikuwa ameshasema yake: "Karatasi tu hizo, Kavutha. Andika ripoti, urudi. Machakos iko na kesi za maana." Kavutha alikuwa amejibu "Ndiyo, afande," kisha akaendelea na mambo yake. Ndivyo alivyokuwa. Ukimwambia jambo ni dogo, hapo ndipo anapovuta kiti akae.

Mlango wa idara haukuwa na mkwaruzo. Mwizi alikuwa na ufunguo.

"Nani ako na ufunguo wa hapa?" alimuuliza Mwanatumu, karani wa idara.

"Mimi. Na mkuu wa idara, Daktari Muli. Yeye ndiye anamsimamia Nzisa."

"Mara ya mwisho ulimchapia Muli nini?"

Mwanatumu alitazama mlangoni. "Mtanifutisha kazi nyinyi." Kisha akavuta droo kwa nguvu. "Basi wanifute! Chukua."

Ilikuwa makala ya mkutano wa Arusha, kuhusu wachongaji wa Wamunyu na mikataba ya biashara ya kimataifa. Juu palikuwa na jina moja tu, la Daktari Muli.

"Ala! Hii ni sura yangu ya nne!" Nzisa alifoka.

"Atasema wewe ndiye uliyenakili," Kavutha alisema. " Nani atamwamini mwanafunzi? Nipe kitu ambacho yeye hawezi kukijua."

Nzisa alisoma mstari kwa mstari. Ghafla akacheka mpaka akashika meza. Akamnong'oneza Inspekta kwa Kikamba, naye Kavutha akauma mdomo asicheke.

Daktari Muli hakusimama walipoingia ofisini kwake.

"Inspekta, uhusiano wa kimataifa si kazi ya polisi."

"Kweli, mimi nimezoea wezi wa kuku. Makala hii ni yako?"

"Ni yangu. Msichana huyu ndiye aliyenakili. Nashuku ameficha tasnifu mwenyewe akihofia aibu."

"Wahojiwa uliwahoji wewe?"

"Mmoja mmoja."

"Na Bi Syombua wa Wamunyu? Umemnukuu ukurasa mzima."

"Namjua sana. Nilikaa kwake asubuhi nzima."

"Alikukaribisha?"

"Kwa chai ya maziwa."

"Maziwa, hapo nakuamini," Kavutha alisema. "Syombua ni ng'ombe, Daktari."

Daktari Muli aliivuta makala karibu.

"Mama aliyenieleza hayo aliomba nifiche jina lake," Nzisa alisema. "Mabroka wa vinyago wakijua ametaja bei wanazolipwa na Wajerumani, hawatanunua tena kinyago kwake. Nikampa jina la ng'ombe wa nyanya, yule aliyeuzwa. Jina lake halisi liko kwa daftari langu nyumbani, na hapa hutalisikia."

"Labda nimechanganya..."

"Ufunguo ni wako, na uongo ni wako. Twende ufungue buti ya gari lako," Kavutha alimkatiza.

Nakala zote tatu zilikuwa humo, na disketi, na msumeno umefungwa kwa gazeti.

"Ningezichoma leo jioni," Muli alisema. Alikuwa amelegeza tai. "Nimefundisha miaka kumi na minane. Niliowafundisha wanaitwa maprofesa, mimi bado daktari. Halafu binti wa mchongaji ananiletea kazi nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuandika. Arusha wangenipa heshima yangu. Lakini akiitetea leo, wote wangejua ni yake. Niliona wivu, Inspekta. Ndiyo basi."

"Wewe ndiye ulinifundisha nchi ndogo isikubali kusukumwa na kubwa," Nzisa alimwambia. "Nilikuwa nasikiliza, Daktari."

Muli alipelekwa kituoni. Lakini tasnifu sasa zilikuwa vielelezo, na vielelezo havitoki mikononi mwa polisi. Nzisa alizitazama, kisha akatazama saa.

"Unashangaa nini?" Kavutha alisema. "Songa, tuko karibu kuchelewa."

Saa nane kamili Inspekta aliingia na sare yake mbele ya jopo, akazipanga nakala tatu mezani, akavuta kiti akaketi kando ya meza.

"Polisi wanaruhusiwa hapa?" mtahini mmoja aliuliza.

"Vielelezo haviachwi peke yavyo, mheshimiwa. Someni tu, mimi nalinda."

Redio kiunoni ikakoroma. Ilikuwa sauti ya OCS. "Kavutha, uko wapi mpaka saa hii?"

"Niko kwa uhusiano wa kimataifa, afande," alijibu, akaizima.

Nzisa alifungua sura ya nne, akaanza na Bi Syombua.