Mkungu Uliokaa Katikati

Usukani ulianza kucheza mikononi mwa Momanyi waliposhika mteremko wa kwanza juu ya genge la Manga. Mwanzoni alidhani ni kokoto. Halafu gurudumu la mbele likashikwa na wazimu, likapiga kushoto, kulia, kushoto, na kichwa chote cha pikipiki kikatikisika kama cha mbuzi anayekataa kamba. Kulia kwao, hatua tatu tu kutoka njiani, ardhi ilikuwa imekatika. Chini huko palionekana ukungu, na ndani ya ukungu jogoo mmoja akiwika. Momanyi akafunga mafuta, akatoa miguu yote miwili nje, wakaburuzika kwenye matope hadi wakasimama.

"Mama, uko salama?" akauliza bila kugeuka.

"Nipo," ikajibu sauti kutoka nyuma ya mkungu wa ndizi.

Mkungu huo una habari yake. Wagusii wana heshima waiitayo chinsoni: mwanamume na mama mzazi wa mke wake hawagusani, hawatazamani machoni, wala hawataniani. Sasa mwambie mwanamke aliyelelewa hivyo apande pikipiki nyuma ya mkwewe! Asubuhi ile nyumbani kwake Ekerenyo, Mama Bochaberi alikitazama kiti cha nyuma, akaenda migombani, akarudi na mkungu mzima wa ndizi mbichi. Akauweka juu ya kile kiti uwe ukuta. Mwenyewe akakaa nyuma kabisa, juu ya keria ya chuma, amejiegemeza nyuma kadiri chuma kilivyomruhusu. Momanyi aliufunga mkungu kwa kamba na kushukuru kimoyomoyo, maana hata yeye haya ilikuwa imemshika.

Wasingekuwa na haraka wangetembea kwa miguu na heshima yao ingebaki salama. Lakini Jemimah, mke wa Momanyi, alikuwa amelazwa hospitali Kisii, amejikunja kwa maumivu ya tumbo upande wa kulia. Daktari alisema ni kidole tumbo, na kwamba lazima akatwe kabla jua halijatua, la sivyo kitapasuka na hapatakuwa na la kufanya tena. Jemimah akakataa. "Sigusi kisu chao kabla mama hajanishika mkono," alisema, na Momanyi alimjua mkewe. Alichokisema Jemimah kilikuwa kimepigiliwa msumari. Ndipo akaiwasha ile pikipiki kuukuu ya jeshi, aliyoinunua mwaka uliopita, 1948, akaenda Ekerenyo mbio.

Asubuhi, akienda, alilivuka daraja la mto. Waliporudi mchana walikuta nguzo mbili zimesimama peke yake ndani ya maji mekundu, ndiyo maana wakapanda huku juu ya genge, kwenye njia ya ng'ombe.

Momanyi alitegemeza jiwe chini ya injini, gurudumu la mbele likaning'inia hewani. Alikuwa amepeleka barua za jeshi kule Burma miaka miwili, na pikipiki aliijua kama mtu anavyojua meno yake. Kwanza alilishuku tairi, jipya, alilolinunua dukani kwa Osman mjini Kisii. Akamtukana Osman kwa sauti ndogo. Akalizungusha gurudumu huku ameshika kijiti karibu na ukingo wake, lakini lilizunguka sawasawa bila kukigusa. Akagonga spoku moja moja kwa spana; zote zikalia sauti moja. Akaishika mikono ya chuma inayobeba gurudumu la mbele, akaivuta na kuisukuma. Ndani ya shingo ya usukani pakasikika mgongano mdogo, kama mtu anayebisha hodi kwa aibu.

"Umeupata ugonjwa wake?" aliuliza Mama Bochaberi, akitazama kwingine.

"Nadhani, Mama. Goroli za shingo zimelegea."

Akakaza nati robo mzunguko, kisha akakaza skrubu kubwa ya usukani hadi ikagoma. Wakapanda tena, kila mtu upande wake wa ndizi.

Hawakufika mbali. Mvua ya mawe iliwashukia ghafla, ikipiga makofi mikononi na usoni, na kwenye mteremko wa pili kichwa kikaanza tena, kibaya kuliko mwanzo. Usukani ulimponyoka Momanyi. Akaitupa pikipiki kushoto makusudi, upande wa majani, na wote watatu wakalala chini: yeye, mama mkwe na mkungu. Gurudumu la nyuma liliteleza hadi ukingoni, likabaki likizunguka juu ya utupu.

Wakajibanza chini ya mwamba. Mama Bochaberi alikuwa amechanika muundi, na damu ilichuruzika pamoja na mvua hadi kwenye kisigino. Momanyi alinyoosha mkono, akaurudisha. Kuona damu ya mtu aliyemzaa mkeo na kushindwa kuigusa ni adhabu. Akafungua koti lake la jeshi, akararua mkono wa shati, akauweka juu ya jiwe katikati yao, akageuza uso.

"Oshea maji haya ya mvua, Mama. Funga kwa nguvu, lakini usiukabe mguu kabisa."

"Nimefunga vidonda vya watoto saba," akasema yeye, na akajifunga. "Kisii iko wapi?"

"Kwa ukungu huu sijui."

"Genge likibaki mkono wetu wa kulia hatupotei. Saa ngapi?"

Momanyi akaitazama saa yake ya jeshi. Kioo kilikuwa kimepasuka, lakini mishale ilitembea. "Saa tisa na nusu."

Mawazoni Momanyi alimwona Jemimah ameukazia macho mlango wa wodi, akamwona daktari akitazama dirisha, na machozi yakamtoka bila ruhusa. Alishukuru kwamba alikuwa ameshalowa.

Maana alikuwa anajua. Alijua tangu alipolikuta gurudumu zima. Asubuhi, akija peke yake, pikipiki ilitulia kama maji ya mtungini. Ni nini kilichoongezeka tangu asubuhi? Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kimekaa juu ya keria, nyuma ya ekseli, kikilinyanyua gurudumu la mbele hadi likawa linaelea tu. Lakini mkwe mwenye adabu zake hukitamkaje kitu hicho?

"Momanyi." Hakuwahi kumwita kwa jina. "Nilipokuwa msichana nilivunja mitungi mitatu kabla sijajua kuteka maji. Mtungi ukiuweka nyuma mno, juu ya kisogo, shingo hutetemeka. Hata uwe na shingo ya fahali. Na dawa yake si kukaza shingo."

"Dawa yake ni nini, Mama?"

"Kuusogeza mtungi mbele. Na wewe ulijua."

"Nilijua, Mama."

"Mbona hukusema?"

Momanyi akavitazama vidole vyake vyenye grisi. "Ningeanzia wapi?"

Mama Bochaberi akacheka. Kicheko kilimtoka kikakatika, na alipofuta uso hakufuta mvua peke yake.

"Chinsoni tulipewa ili tulinde nyumba za watoto wetu," alisema. "Mtoto mwenyewe akifa, nitamlindia nani nyumba?" Akanyanyuka kwa mguu wake mmoja mzima, akakata chana moja ya ndizi, akaziacha nyingine kando ya njia azile atakayepita. "Hii kaifunge huko mbele. Nitakaa kitini. Ila wewe sitakushika. Nitashika koti. Koti ni la serikali, si la mkwe wangu."

Lisilobudi hutendwa. Momanyi akafunga vifungo vya koti lake zito la jeshi hadi kidevuni, akailegeza skrubu ya usukani ipumue, akawasha. Akahisi ngumi mbili zikikamata nguo mbavuni. Wakashika mteremko wa tatu. Akangoja usukani uanze fujo zake, akangoja tena. Gurudumu la mbele lilikuwa limeuma ardhi, likaenda alikotaka.

Palipokuwa na kijito walishuka wakasukuma, maji magotini, yeye mbele na mama nyuma. Waliporudi kitini mvua iliongezeka, na mama akaficha uso nyuma ya bega la koti. Alikuwa akimwombea Jemimah, kwa sauti, akimtajia Mungu jina la mtoto kana kwamba Mungu angeweza kumchanganya na mwingine. Momanyi alifiwa na mamake angali ananyonya. Hakukumbuka kama mama yeyote aliwahi kumshika hivyo. Aliendesha polepole kuliko haja ilivyokuwa, kisha akajionea aibu na kuongeza mafuta.

Jua lilikuwa limeigusa milima walipoingia Kisii. Jemimah aliiona kanga ya mamake iliyolowa mlangoni, midomo yake mikavu ikafunguka. Mama Bochaberi akamshika mkono uliowaka homa.

"Sasa wakate," akasema Jemimah.

Wakakata. Kilikuwa hakijapasuka. Momanyi na mama mkwe wake walikaa kwenye benchi moja nje, kila mmoja mwisho wake, nafasi ya watu wanne katikati, wala hawakutazamana.

Asubuhi muuguzi akamwita mama aingie. Mlango haukufungwa vizuri, na Momanyi akasikia.

"Mama, ulikuja na nini?"

"Pikipiki."

"Ukakaa wapi?"

"Nyuma ya mumeo."

"Ukamshika?"

"Nilishika koti."

Jemimah akacheka, mshono ukamuuma, akalia, akacheka tena. Momanyi aliinamisha kichwa pale kwenye benchi, akakumbuka kwamba ilimpasa kumwomba Osman msamaha kwa ajili ya lile tairi.

Wiki tatu baadaye Jemimah, akiwa amepona, alilichukua koti ili alifue. Mbavuni, kila upande, palikuwa na doa la matope yaliyokauka, ukubwa wa ngumi. Mumewe akamnyang'anya taratibu, akalirudisha kwenye msumari wake.

"Hili liache hivyo," akasema.