Mtakatifu wa Desemba

Kituo cha treni cha Gent kilikuwa kimefurika watu wa saa mbili asubuhi. Liesbet Vanhoutte, koti lake la kijivu limefungwa vifungo vyote, aligongana na mwanamume mrefu mwenye skafu ya rangi ya haradali, na karatasi za yule bwana zikatawanyika sakafuni. Liesbet alimsaidia kuziokota. Kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutunza nyaraka, alizisoma pia.

"Hapa mnachinja nguruwe Julai," alisema. "Wakulima walisubiri baridi."

"Samahani, bibie, nimegongwa na nani?"

"Na mtu aliyesoma."

Bwana alicheka. Aliitwa Wannes Decleer, na karatasi zile zilikuwa mswada wa filamu kuhusu utoto wa baba yake, shambani karibu na Ieper, miaka ya arobaini. Wiki iliyofuata Wannes alimwajiri Liesbet kuuhakiki. Mwezi uliofuata alikuwa akimwita "hakimu wangu" kwenye simu, na Liesbet akijifanya hapendi.

Miezi mitano ilipita vizuri. Kisha Liesbet akafika ukurasa wa sitini na mbili. Mtoto anaweka kiatu cha mbao kando ya jiko, na ndani yake karoti ya farasi wa Mtakatifu Nikola. Ni Desemba, mtakatifu huyo anapowaletea watoto zawadi. Lakini upande wa Ieper watoto huletewa zawadi na Mtakatifu Martino, mwezi Novemba. Kila aliyezaliwa huko anajua.

"Ni kosa," alimwambia Wannes mkahawani. "Futa."

"Sifuti. Baba alisimulia hivyo."

"Basi baba yako hakuzaliwa huko."

Wannes alikoroga kahawa ambayo hakuitia sukari. "Mpenzi, acha ukurasa mmoja upite."

Liesbet hakuuacha. Aliomba orodha ya ubatizo ya parokia. Maurits Decleer, baba yake Wannes, hakuwemo, mwaka aliosemwa kuzaliwa wala miaka ya jirani. Ndipo mengine yakaanza kujipanga: Wannes hakuwahi kumpeleka kwa baba yake, na mzee akipiga simu, mwanawe alitoka kwenda kuongea koridoni. Filamu ingefunguliwa kwa maneno "hadithi ya kweli", na mwenye kuyathibitisha alikuwa Liesbet. Mtu anayedanganya kuhusu baba yake, atashindwa kudanganya kuhusu nini?

"Umemchunguza baba yangu?" Wannes aliuliza simuni.

"Nimechunguza mswada."

"Kama huniamini, Liesbet, usinipigie."

Hakumpigia siku kumi na tisa. Siku ya ishirini ikaingia namba ngeni.

"Wewe ndiye binti unayewakagulia watu watakatifu wao?"

"Nani mwenzangu?"

"Maurits. Mwenye karoti."

Mzee alizaliwa Gent. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka sita, na watawa wakampeleka kwa familia ya wakulima karibu na Ieper. Novemba alipewa zawadi pamoja na watoto wa nyumba ile, hakuzigusa: mtakatifu wake, yule wa Gent, huja Desemba. Mama wa shamba hakubishana. Kila Desemba, kwa miaka minane, alijaza kiatu kimoja tu, cha Maurits, na wanawe wa kuzaa aliwakataza kuuliza.

"Kijijini waliniita mtoto wa kuokotwa," Maurits alisema. "Nilimwapisha Wannes asiseme. Kosa ni langu. Sasa nina miaka themanini na tatu, mwanangu. Aandike tu."

Liesbet aliuliza jina la kituo cha watawa, akaliandika. Simu ilipokatika, akalifuta. Kisha akampigia Wannes.

"Nimekosea."

"Tramu inapita. Sema tena."

"Umesikia."

"Nimesikia. Nataka mara ya pili."

"Nimekosea, mpenzi. Baba yako nimemwamini kwa dakika tano, na wewe miezi mitano haikunitosha kukuamini. Hilo silipendi."

Tramu ikapita.

"Jumapili baba anapika sungura kwa plamu kavu. Njoo."

"Nije kama nani?"

"Kama mchumba wangu. Nilishamwambia."

"Lini?"

"Wiki iliyopita."

"Wiki iliyopita tulikuwa hatusemezani."

"Ndiyo maana akakupigia."